Fundi mwenye Range Rover na bibi mwenye zulia bovu

Jumapili, usiku

Kuna ubishi mmoja Waingereza hawauchoki: tabaka la mtu linajulikana kwa pesa alizonazo au kwa namna anavyoishi? Wanaubishania redioni, magazetini, baa, hata msibani. Juzi wenzangu wawili wa kazini nusura wakosane, kisa mmoja kamwambia mwenziwe, "Wewe ni tabaka la kati, unanunua mboga Waitrose." Waitrose ni duka kubwa la bei za juu, na aliyeambiwa alikasirika kama katukanwa. Kwetu ukimwita mtu wa kishua anaweza kujifanya kununa, lakini moyoni anachekelea. Hapa mtu ana nyumba, ana gari, anasafiri likizo kila mwaka, na bado anapigania aitwe mlalahoi.

Mimi nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, ya kuzunguka majumbani, Yorkshire, kaskazini mwa England, mijini na vijijini. Ni kazi ya mgongo na magoti, ila inanifikisha ambako watafiti wa matabaka hawafiki. Naingia hadi chooni. Najua nani ana supu ya kopo kabatini na nani ana mvinyo unaofunikwa vumbi. Sipekui, lakini macho hayana pazia. Leo nataka kuandika kuhusu nyumba mbili, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wenyewe wasijulikane.

Ya kwanza ni ya mzee aliyekuwa fundi wa kupiga lipu. Alianza kama saidia fundi akiwa kijana mdogo, akaja kuwa na kampuni yake, baadaye akaiuza. Jiko lake linang'aa hadi naogopa kuweka kikombe. Sakafu inapashwa joto kwa chini, kuna bomba linalotoa maji yaliyokwisha kuchemka, na nje kuna Range Rover nyeupe ambayo siku hizi anaiendesha mwanawe. Ana nyumba nyingine Uhispania. Ukimuuliza atakujibu bila kupepesa macho kwamba yeye ni tabaka la wafanyakazi na atazikwa hivyo. Chakula cha mchana anakiita "dinner", cha jioni "tea", runinga haizimwi, na mgeni akiingia birika linawashwa kabla hajakaa. Kwake nimekula keki nyingi kuliko kwa wateja wengine wote.

Ya pili ni ya bibi mmoja anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya mawe, unaifikia kwa njia ya kokoto. Humo ndani kuna baridi kuliko nje. Zulia la ngazi limelika hadi nyuzi za chini zinaonekana. Mbwa mzee analala juu ya kochi lililonizidi umri, na sweta la bibi limetoboka viwiko vyote viwili. Ukutani wametundikwa babu zake, wamechorwa kwa rangi za mafuta, wote wananitazama ninapopita na ndoo. Gari lake ni dogo, kuukuu, limejaa manyoya ya mbwa. Mtu wa Tanga akiingia pale atasema mama wa watu kaishiwa, tumchangie. Lakini daktari akija, anaongea naye kwa sauti nyingine kabisa, ile ya mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Bibi hapandishi sauti, hahangaiki kutafuta neno, hajawahi kuniambia yeye ni nani. Mjukuu wake anasoma katika mojawapo ya zile shule za bweni za kulipia. Kuna mfuko wa familia unaotoa ada.

Kwa pesa za mkononi, sina shaka fundi anamzidi. Na sina shaka vilevile kwamba Mwingereza yeyote ukimwingiza nyumba zote mbili atakwambia nani yuko juu, tena kabla hajafika sebuleni.

Sisi watu wa pwani tuna msemo wetu mkali: maskini akipata, matako hulia mbwata. Nilidhani dhihaka hiyo ni yetu peke yetu. Nimekuja kukuta Waingereza wameifanyia utaratibu mzima. Mwaka 1954 mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Alan Ross, aliandika makala ya kitaalamu kuhusu maneno yanayowatenga watu wa juu na wengine. Mwaka uliofuata Nancy Mitford, binti wa lodi, akaidaka mada hiyo na kuipigia tarumbeta, na watu wakaanza kuchunga ndimi zao mezani. Ukisema "toilet" pale ambapo wao wanasema "lavatory", umejianika. Siku hizi maneno hayo yamepungua makali, lakini alama nyingine zimechukua nafasi: jina ulilompa mtoto, mkate unaokula, bustani yako ina maua au ina zege. Na alama zenyewe hazinunuliki upesi. Ukinunua kila kitu kipya, upya wenyewe unakusema.

Wasomi wamejaribu kuupima ubishi huu. Mwaka 2011 BBC ilifungua dodoso mtandaoni, wakishirikiana na wanasosholojia, akiwemo Mike Savage na Fiona Devine. Hawakuuliza mshahara tu. Waliuliza una akiba kiasi gani, marafiki zako wanafanya kazi gani, unasikiliza muziki gani, unakwenda opera au unakwenda jimu. Nyuma ya maswali hayo kuna mawazo ya Mfaransa Pierre Bourdieu, aliyeona kwamba mtu ana mtaji wa pesa, mtaji wa watu anaowajua, na mtaji wa utamaduni. Matokeo yakatoka 2013: matabaka saba, juu kabisa asilimia 6, chini kabisa asilimia 15 wanaoishi kwa kubangaiza. Mimi kilichonichekesha zaidi ni hiki: watu zaidi ya 160,000 walijaza, na wenye nafasi zao walimiminika kiasi kwamba watafiti ilibidi wafanye uchunguzi mwingine mdogo wa pembeni ili wapate sura halisi ya nchi. Aliye juu anapenda kupimwa.

Serikali yenyewe haina habari na opera. Tangu 2001 takwimu zake zinapanga watu kwa kazi na aina ya ajira, mpango uliojengwa juu ya fikra za John Goldthorpe. Unalipwa kwa saa huku unasimamiwa, au una mshahara wa mwezi, unaaminiwa, na mbele yako kuna ngazi ya kupanda? Kwa upande wangu mpango huu unanigusa penyewe. Mimi nalipwa kwa dakika ninazokuwa ndani ya nyumba ya mteja, programu kwenye simu inanihesabia, na dakika za barabarani kati ya nyumba na nyumba ni zangu na Mungu wangu. Hapo hakuna cha utamaduni.

Na kwa aliye chini kabisa ubishi wote huu ni anasa. Nina mteja wa kwenye fleti ya halmashauri mwenye mita ya kulipia kabla, LUKU yao, ambaye anaweka pauni tano tano na kukaa na koti ndani. Huyo hana haja ya mwanasosholojia.

Lakini nirudi kwa hawa wanaoupigania ulalahoi, maana ndio walionitoa usingizini. Utafiti wa British Social Attitudes uliotoka 2016 ulikuta asilimia 60 ya Waingereza wanajiita tabaka la wafanyakazi. Sawa. Ila hata miongoni mwa mameneja na wenye taaluma zao, asilimia 47 walijiita hivyo hivyo. Kwenye uchaguzi wa 2024 tuliona sinema ya bure. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, kijana aliyesoma Winchester, shule ya kulipia ya wakubwa, mkwe wa bilionea, akaulizwa alikosa nini utotoni, akajibu Sky TV, yaani runinga ya kulipia. Mpinzani wake wa chama cha Labour, Keir Starmer, ambaye ni Sir, yaani ametunukiwa cheo na ufalme, akasema kwa mara nyingine tena kwamba baba yake alikuwa fundi wa zana kiwandani, na watazamaji ukumbini wakaangua kicheko mbele ya kamera. Nisiwaseme sana, maana na sisi tulikuwa na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyejulikana nchi nzima kama Mtoto wa Mkulima. Tofauti ni kwamba kwetu kila mtu alimwelewa mara moja, kwa sababu karibu kila mtu ana mkulima nyumbani.

Kwa nini basi mtu aliyefanikiwa hapa ang'ang'anie asili ya chini? Nadhani ni kwa sababu ukikiri kwamba uliinuliwa, itabidi ueleze nani alikuinua. Ukisema nimetoka chini, kila ulichonacho kinakuwa jasho lako.

Na hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mshahara wa mwezi huu haukupi tabaka Uingereza. Pesa ya babu ndiyo inayokupa, kwa sababu imepata muda wa kugeuka lafudhi, kujiamini, na orodha ya watu wa kuwapigia simu. Kile wanachokiita utamaduni, kwa sehemu kubwa, ni mali iliyokaa hadi watu wakasahau ilivyopatikana. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, msichana wa miaka 12, aliyerithi mashamba na madimbwi ya matope pembeni ya London. Matope hayo leo ni Mayfair na Belgravia, mitaa ya matajiri wa London. Mkuu wa sasa wa ukoo ule, mwenye cheo cha Duke wa Westminster, alirithi utajiri wa mabilioni ya pauni mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 25. Hakuna anayemwambia ana pesa mpya. Fundi wangu, aliyepaka lipu kuta za nusu ya mji huu, ndiye anayechekwa kwa bomba lake la maji ya moto.

Angalia na shule. Ada ya Eton, shule ya bweni ya wavulana wa wakubwa, sasa, pamoja na kodi iliyoongezwa Januari 2025, inapita pauni 60,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Nusu ya wafanyakazi wa muda wote nchini walipata chini ya pauni 37,500 hivi mwaka 2024, kabla ya kukatwa kodi. Sasa niambie, huo utamaduni wa kuongea bila kutetereka ulitoka hewani? Na ukifanikiwa kupenya bila hiyo shule, gharama haiishi. Sam Friedman na Daniel Laurison walikuta kwamba watu waliotoka tabaka la wafanyakazi wakaingia kwenye kazi za juu wanapata asilimia 16 pungufu kuliko wenzao waliozaliwa juu. Mlango wamepita, ila ndani kuna vizingiti: nani anakutambulisha kwa nani, nani ana wazazi wa kumlipia pango la London wakati anasubiri kazi nzuri.

Mimi mwenyewe nimo nje ya ngazi yao. Nikifungua mdomo, lafudhi yangu haiwaambii tabaka langu, inawaambia natoka mbali, basi. Nadhani ndiyo maana fundi na bibi wote wawili huniambia mambo wasiyoambiana wenyewe kwa wenyewe. Huko Tanga baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, lakini akipita sokoni ilikuwa shikamoo mwalimu kila kona, harusini aliketishwa mbele, na watu wazima walimletea barua awasomee. Na mimi nilifundisha kabla ya kuja huku. Sasa kwa wiki napata zaidi ya alichopata yeye kwa miezi, na kuna mteja ambaye hadi leo hajauliza jina langu.

Yote haya yameamshwa na binti yangu. Leo alasiri alikuwa anajaza maombi ya mafunzo katika kampuni ya mawakili, akafika kwenye swali ambalo waajiri wengi hapa wanalitumia siku hizi: ulipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, mzazi mwenye kipato kikubwa zaidi nyumbani alikuwa anafanya kazi gani?

"Mama, niandike nini?"

"Andika mwalimu."

"Hukuwa mwalimu nilipokuwa na miaka kumi na nne. Ulikuwa kea."

"Ndani ya kea kuna mwalimu."

"Hakuna kisanduku cha hivyo, Mama."

Tukaangalia visanduku pamoja. Kuna cha wenye taaluma, kuna cha makarani, kuna cha mafundi, kuna cha wenye biashara ndogo, kuna viwili vya kazi za mikono. Akaniambia nisinune, kwamba kampuni zinatafuta vijana wa tabaka la wafanyakazi, huenda ikamsaidia. Nikamuuliza, kwa hiyo siku hizi magoti yangu ni sifa ya kazi? Akacheka hadi akafuta machozi. Swali lililofuata: kuna mzazi wako aliyesoma chuo kikuu? Hilo hakuniuliza. Akaweka ndiyo, Mlimani, Dar es Salaam, ingawa hakuna aliyemtaka ataje chuo, kisha akarudi juu akaweka alama ya kea, akatuma.

Sasa anataka suti, eti wakimwita asije akahangaika. Nimemwambia tutatafuta, ila isiwe mpya sana.