Kundi nililobaki nalo

Nilipoacha pombe nilidhani kundi la wanaosaidiana kuacha ni kundi tu, lolote lile. Kabla ya yote nilipita kwa daktari, maana mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, na hilo halitibiwi kwa mazungumzo.

Nikaanza na kundi la Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha. Hawatozi ada, na sharti lao ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Lakini kikao kilinichanganya. Mtu anaongea, anamaliza, wanamshukuru, anafuata mwingine. Hakuna anayemjibu. Nilihisi nimetupa maneno kisimani. Tena hatua zao 12 za kuacha pombe zinamtaja Mungu, kwa namna kila mtu anavyomwelewa, na mimi naye wakati ule tulikuwa hatusemeshani.

Nikajaribu lingine, silitaji, wakaniambia niache dawa nilizoandikiwa. Sikurudi.

Nikahamia SMART Recovery, mpango mwingine wa kusaidiana kuacha ulevi, ulioanza mwaka 1994. Huko mnajibizana, na hatua hazimo. Kuna zoezi la kugawa karatasi visanduku vinne: faida na hasara za kunywa, faida na hasara za kuacha. Karatasi yangu ninayo hadi leo. Kwenye faida za kunywa niliandika mistari mitatu, mmoja nikaukata hapo hapo kwa aibu. Nilivipenda vikao vile. Ila Ijumaa moja saa nne usiku kiu ilinibana, nikapekua simu nzima na sikuwa na namba ya hata mmoja wao. Sikuwahi kuomba; kosa langu.

Ndipo nikarudi AA, kundi tofauti. Kila kundi lao hujiendesha lenyewe, kwa hiyo usilihukumu moja kwa lingine. Siku hiyo bwana mmoja alisema ana siku mbili tu bila pombe, maana aliteleza baada ya kukaa miaka minne bila kunywa. Nilikaza macho nione nani ataguna. Aliyekaa jirani yake akamsogezea kiti karibu, basi, kikao kikaendelea. Nikajua hata mimi nikianguka nina pa kurudi.

Mimi na Mungu bado tunazungumza kwa kubahatisha, na karatasi yangu ya visanduku naendelea nayo, hakuna aliyenikataza. Baada ya kikao cha tatu mzee mmoja alinipa namba yake bila kuombwa. Ijumaa iliyofuata, saa nne ile ile, nikampigia. Alipokea upesi, akaniuliza kwanza kama nimekula.