Sikufuta mawazo, nilifuata mvuke: meditesheni ilivyonisaidia hapa Uyole

Kwanza niseme hili maana linaniudhi mpaka leo, anayekwambia meditesheni ni kufuta mawazo yote kichwani usimsikilize. Mimi nauza viazi Uyole, Mbeya, kuna kipindi nilikuwa silali, moyo mbio usiku kucha, jamaa mmoja akanielekeza hivyohivyo, kunja miguu, zima taa, futa mawazo. Nikajitahidi kwelikweli. Yakaja yote kwa mkupuo, marejesho ya kikoba, mbolea imepanda, dalali aliyenikomalia nifunge lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita kipimo, nikimfukuza huyu anaingia yule, asubuhi nimechoka kuliko aliyelima.

Kilichonitoa ni hii baridi yetu. Mwezi wa saba alfajiri huku ukitoa pumzi unauona mvuke, basi nikajifunga vitenge viwili nikakaa barazani, kigoda nilikinunua soko la Sido kama elfu nane hivi, nikajipa kazi moja tu, kuutazama ule mvuke. Unatoka mzito mdomoni, unatanuka, ukifika usawa wa nguzo ya baraza haupo. Ili uuone vizuri inabidi utoe pumzi polepole, na hapo ndo penye dawa, maana mapigo ya moyo hupungua kasi wakati unatoa pumzi. Akili ikikimbilia kwa dalali najua palepale, mvuke umepita sijauona. Narudi. Kule kurudi ndo zoezi lenyewe jamani, hata ukirudi mara mia! Baridi ilipoisha nikahamia puani, hewa inaingia ya ubaridi inatoka ya uvuguvugu.

Usingizi ukarudi taratibu, sio wiki ya kwanza.

Mama mmoja wa kikoba akaniuliza, "Mwanangu, hayo si mambo ya dini za watu?" Nikamwambia mama, asili yake ni kweli Wabudha wanayo tangu kale, ila msomi mmoja, Jon Kabat-Zinn, kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu, kozi ambayo siku hizi ni ya wiki 8, bila kumbadilisha mtu dini. Na ukimya sio mgeni kwetu, watawa Wabenediktini wako Peramiho, kule Songea, tangu 1898, na Waislamu wana dhikri zao.

Akaelewa, na yeye ndiye aliyetaka tuilete kikobani. Sasa kabla ya kujadili mikopo tunakaa kimya dakika tatu, kila mtu na pumzi yake. Zamani aliyechelewesha rejesho alikuwa anafokewa kabla hajafungua mdomo, siku hizi anaulizwa kwanza kimemkuta nini, na hela inarudi. Nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Ila mwenye msiba mzito au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii aanzie kwa daktari, asijifungie peke yake na ukimya.

Kuna wanaotaka tuongeze ziwe dakika kumi. Nimekataa, wengine tuna magunia ya kupakia.