Siku moja na funguo za kabati la dawa kwenye nyumba ya wazee

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai bado, nishakutana na nesi wa zamu ya usiku tunahesabu morfini, ile dawa kali ya maumivu. Tunahesabu wawili kwa macho, sio yeye ataje mimi niandike, tukishasaini ndo funguo zinakuja kwangu na zinakaa mwilini, hata chooni naenda nazo.

Saa 1. Friji ya dawa. Naangalia joto lilipanda mpaka wapi na lilishuka mpaka wapi tangu jana, inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto tu ila insulini ikiganda ndo basi tena, hata ikiyeyuka ukaiona iko freshi ni ya kutupa, ndo maana hatuibananishi kule nyuma kwenye barafu. Na huu mtindi wa nani humu jamani? Nimeutoa.

Saa 2 mpaka saa 4, toroli, chumba kwa chumba. Mtu akiniita nafunga kwanza, hata kama ni hapo mlangoni, maana kuna babu ana ugonjwa wa kusahau, akiona kidonge cha rangi anatia mdomoni.

Saa 5. Matone ya macho, naandika tarehe ya kufungua. Mengi yanatupwa baada ya siku 28, hata kama chupa inasema mwakani.

Saa 8 ndugu wanaingia, kasheshe inaanza. Kabati la kufuli mbili halinisumbui mimi, kinachonisumbua ni droo za vitandani. Leo kwa bibi mmoja nimekuta vidonge vya ibuprofeni vimefungwa kwenye tishu, chini ya soksi. Binti yake kaleta.

"Nesi, mama magoti yanamuuma usiku, kweli mtaamka?"

"Tunaamka dada, kengele hiyo hapo. Ila mama anatumia wafarini, damu yake haigandi haraka, na hivi vinaweza kumtoa damu tumboni. Umempa vingapi?"

Kimya. Kumbe kimoja, jana. Nimempigia daktari, nimeandika kwenye chati, bibi tunamwangalia kwa karibu, choo kikiwa cheusi tu niitwe.

Saa 11 jioni. Dawa za mzee aliyefariki, naziorodhesha nafungia zirudi famasi, hapewi mwingine hata ziwe mpya. Yule binti kabla hajaondoka kanifuata, anaomba nimwandikie zisizotakiwa, maana kaka yake naye huwa analeta za kwake Jumamosi.