Shemeji, bastola na swali langu la kijinga

Juni 2022 nilikaa wiki mbili Texas kwa mdogo wangu. Jioni ya kwanza mume wake alirudi kazini, akachomoa bastola kiunoni, akaifungia kwenye sefu ndogo juu ya kabati, ndipo akanisalimia. Mdogo wangu hakuinua hata macho. Kwake ilikuwa kama mtu kuvua viatu mlangoni. Mimi niliikodolea macho ile sefu mpaka chakula kikapoa.

Mwezi ulikuwa haujatimia tangu yale ya Uvalde, katika jimbo hilohilo, ambako kijana wa miaka 18 aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Bunduki yake aliinunua kihalali. Kwa hiyo nilikuwa na hasira kabla sijafungua begi, na siku ya tatu nikamuuliza shemeji kwa nini anahitaji bastola.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Mbona hujaniuliza kwa nini nahitaji kusali, au kusema ninachofikiri?"

Sikuwa na jibu, na nikakosa usingizi kwa ajili ya hilo. Nilidhani tunabishana kuhusu chuma na risasi, kumbe tunabishana kuhusu nani anayepaswa kujieleza. Kwake yeye, bastola ni haki iliyomo kwenye Katiba ya Marekani, sawa na kusali na kusema, kwa hiyo serikali ndiyo iseme kwa nini inataka kumnyima. Kwangu mimi, mwenye silaha ndiye aseme kwa nini apewe. Kila mmoja alimwona mwenzake amekosa adabu.

Wiki ya pili nikaona ubishi wetu ukiletwa na taarifa ya habari. Tarehe 23 Juni Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya New York, yenye zaidi ya miaka 100, iliyomtaka anayeomba kibali cha kutembea na bastola atoe sababu maalumu. Majaji sita dhidi ya watatu walisema haki ya kikatiba haiombewi kwa maelezo. Siku mbili baadaye Rais Biden akatia saini sheria ya kuwachunguza zaidi wanunuzi wa bunduki walio chini ya miaka 21. Shemeji alishangilia ya kwanza na kununa kwa ya pili. Mimi kinyume chake. Mdogo wangu akabadilisha chaneli.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma sheria za nchi nyingine nikitafuta kitu kimoja tu: nani anajieleza? Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996, serikali ilinunua na kuharibu silaha zaidi ya 600,000, na mwombaji wa leseni akatakiwa kuonyesha sababu ya kweli: kilimo, uwindaji, mchezo wa shabaha. Kusema "nataka kujilinda" hakukubaliki. Sentensi ambayo Texas inafunga mjadala, kule inakunyima leseni! Japani nako sheria ya 1958 inaanza kwa kukataza, kisha inaorodhesha wachache wanaoruhusiwa.

Uswisi ndiyo iliyonivuruga. Shemeji huitaja kila mara, na ana haki ya kuitaja: askari wa akiba hukaa na bunduki ya jeshi nyumbani, na mwaka 2011 wananchi walipopigia kura pendekezo la kuzihifadhi kwenye ghala, asilimia 56 walikataa. Lakini bunduki ile ni ya jeshi, imeletwa na wajibu wa kulitumikia taifa, na tangu 2007 jeshi lilianza kuzikusanya risasi zilizokuwa zimehifadhiwa majumbani. Mwaka 2019 wananchi haohao wakakubali masharti makali zaidi, kwa karibu asilimia 64. Mswisi anaweza kuitunza bunduki miaka mingi bila kuiona kama kinga yake dhidi ya serikali. Shemeji anaiona hivyo hasa.

Na bado nilijikuta namheshimu kwa jambo moja. Mlangoni mwa duka fulani kulikuwa na bango refu, Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja kama sheria ya Texas inavyotaka, likikataza kuingia na silaha. Alirudi kwenye gari akaiacha bastola, bila kunung'unika. "Duka ni lake," alisema. Kumbe haki ya mwenye mali inaishinda haki ya mwenye bastola, na kwake hilo halihitaji mjadala. Serikali ingeweka bango lilelile, angeishtaki.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani wa Japani, alipouawa, tarehe 8 Julai, kwa bunduki ya kuungaunga kwa mabomba. Ujumbe wa shemeji ulifika kabla sijamaliza kusoma habari: "Unaona? Sheria zote zile." Nami nilikuwa nimeshaanza kumwandikia: unaona, ilibidi mtu aitengeneze mwenyewe. Nikafuta. Wajapani wenyewe walikuwa wanagombana kuhusu ulinzi wa polisi, na baadaye kuhusu michango ambayo kanisa moja, ambalo muuaji alimhusisha Abe nalo, lilikuwa likiwakamua waumini. Habari ya raia kujihami kwa bastola haikuwamo kabisa kwenye ugomvi wao.

Nilimjibu shemeji kwa kumuuliza watoto hawajambo.