Babu kaniuliza choo kiko wapi

Jumamosi mbili zilizopita nilitandaza karatasi ya miraba barazani kwa babu, Ngamiani, nikamwonyesha chombo changu. Si jahazi. Ni meli ya angani ya tani 200, ya Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika ambao mimi na wenzangu wanne tunaucheza kwa kete, penseli na mdomo. Mimi ndiye refa, yaani mwendesha mchezo, kwa hiyo kuchora meli ni kazi yangu. Babu alikuwa sarahangi, msimamizi wa mabaharia, wa majahazi ya Tanga na Pemba kabla magoti hayajamgomea. Alivaa miwani, akaikagua ramani toka omo hadi tezi, akauliza, "Choo kiko wapi?"

Sikuwa nimechora choo.

Mpaka siku ile malazi kwangu yalikuwa hesabu tu. Kanuni za mchezo za mwaka 1977 zinasema kila chumba cha kulala kinakula tani 4. Tani hapa ni nafasi, si uzito: kiasi cha mita za ujazo 14, mahali pa kutosha tani moja ya haidrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Kwenye karatasi kila tani ni miraba miwili ya mita 1.5, basi chumba kimoja kinatoka miraba 8, mita za mraba 18. Chumba ninachokodi mimi ni futi 10 kwa 10! Nikawa nawagawia mabaharia wangu kumbi za harusi. Kumbe zile tani 4 zimebeba pia ujia, meza ya kulia, mitambo ya hewa, na hicho choo. Chumba chenyewe kikibakiwa na nusu kishukuru.

"Na hewa?" babu akaendelea. Nikamweleza kuhusu kituo cha kweli cha kimataifa cha angani kinachozunguka juu yetu: watu 7 kwa kawaida, kila mmoja na kijichumba kama kibanda cha simu, analala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani. Lazima feni ipulize usiku kucha, kwa sababu kule hewa chafu haipandi wala haishuki, inamzunguka mtu usoni mpaka aamke kichwa kinamgonga. Babu akatikisa kichwa. Yeye alilala juu ya magunia, upepo wa bure.

Tukaja kwa watu. Meli ile inataka wanne: rubani, fundi mitambo, daktari na mhudumu wa abiria, ambaye ndiye mpishi. Nikamsomea mishahara ya mwezi. Rubani krediti (pesa za mchezo) 6,000, fundi 4,000, mhudumu 3,000, daktari 2,000. Mimi siku zote niliona wamekosea, mpishi kumzidi daktari! Babu hakushangaa hata kidogo. "Daktari unamtaka siku unayougua. Mpishi unamtaka asubuhi na jioni, na akinuna chombo kizima kinanuna." Akanisimulia safari moja ambayo mpishi aligombana na nahodha, wakala muhogo mkavu mpaka Wete. Nani alikuwa na haki, hakunambia.

Ndipo akauliza swali lililobomoa ramani yangu: "Wewe ukiwa zamu, nani amelala?"

Sikuwa na zamu. Kila mruko mmoja wa meli hizi toka nyota hadi nyota ni wiki nzima gizani, hakuna redio, hakuna bandari, na mimi nilikuwa nimewalaza wote usiku mmoja kama wanafunzi wa bweni. Nikafuta. Vyumba ni 10. Kanuni zinaruhusu watu wawili kwa chumba, wasizidi. Mabaharia wanne wakilala wawili wawili wanatumia vyumba 2, vinabaki 8 vya abiria badala ya 6. Tiketi ya daraja la juu ni krediti 10,000, na mhudumu mmoja anatosha abiria 8 kamili. Kwa hiyo ubahili unaleta krediti 20,000 za ziada kila safari. Nilijua wenzangu hawataziacha.

Hawakuziacha. Jumamosi iliyofuata walikubali kabla sijamaliza sentensi, kisha wakagombana saa nzima nani alale na nani. Babu alikuwa amenionya: wanaolala chumba kimoja wape zamu tofauti, mmoja anaingia mwenzake anatoka. Nikampanga rubani na fundi, watu ambao hawapatani tangu safari ya kwanza. Sasa hawaonani, wanaachiana vikaratasi juu ya mto. Cha juzi kiliandikwa: "Shuka ni yangu, ndoto zako kaziotee sakafuni."

Mwenzetu anayecheza mhudumu, ambaye mchana ni muuguzi, alikataa katakata kulala na daktari. Ametaka kona iliyo ubavuni mwa jiko, mlango wake peke yake, na ufunguo wa stoo ya chakula akae nao yeye. Tulipiga kura. Daktari sasa analala kwenye miraba miwili niliyokuwa nimeitenga kwa choo cha pili.