UTI Sugu na Kidonge Nilichokuwa Nimekidharau

Nilipoanza kazi ya utabibu katika kituo kimoja cha afya mkoani Morogoro, nilikuwa nikiamini kwamba antibiotiki hupangwa kwa nguvu, kwamba kuna za chini na za juu, na kwamba mgonjwa asiyepona kwa ya chini hupandishwa ngazi. Mwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nilimwandikia siprofloksasini, na akirudi nilimchoma seftriaksoni. Wagonjwa walinisifu, kwani kwetu tabibu asiyechoma sindano huonekana hajatibu.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mama mwenye ujauzito wa miezi mitano, aliyeingia na bahasha iliyojaa maganda ya vidonge. Niliyapanga mezani: amoksilini, kotrimoksazoli, na siprofloksasini dozi mbili, zote alizinunua dukani kwa nyakati tofauti kabla hajajua kuwa ni mjamzito. Alisema ana UTI sugu. Mkojo ulimuunguza na alikwenda chooni mara kwa mara, lakini hakuwa na homa, wala hakushtuka nilipomgonga taratibu mgongoni upande wa figo. Mumewe, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Daktari, mpige sindano tu yaishe."

Nakiri kwamba kalamu ilikuwa tayari. Kilichonizuia ni yale maganda, kwa sababu kama dawa tatu zilishindwa kwa kubahatisha, sikuona sababu ya kubahatisha ya nne. Niliamua mkojo wake ukaoteshwe katika hospitali ya mkoa, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara na kujaribiwa dawa ipi inawaweza, kisha nikafungua mwongozo wa taifa wa matibabu ili nijue nimpe nini wakati tukisubiri majibu.

Kuhusu sampuli nilikuwa na funzo la aibu. Mkojo wa mgonjwa wa awali niliuacha mezani tangu asubuhi hadi gari lilipopatikana mchana, na majibu yalirudi kwamba vimelea ni mchanganyiko visivyoweza kufasiriwa. Bakteria huzaana haraka katika mkojo ulio kwenye joto la kawaida, kwa hiyo sampuli isipofika maabara ndani ya saa mbili hivi inapaswa kuwekwa kwenye baridi. Safari hii nilimweleza mama ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati. Kikopo kikasafiri kwenye kisanduku chenye barafu.

Ndipo nilipokutana na nitrofurantoini, kidonge cha tangu miaka ya 1950 ambacho nilikuwa nikikipita rafuni kwa dharau. Dawa hii haijikusanyi vya kutosha katika damu wala katika nyama ya figo, ila hukusanyika kwa wingi ndani ya mkojo, na ugonjwa wa mama huyu ulikuwa kwenye kibofu. Siprofloksasini haikufaa tena kwa sababu ya ujauzito, na seftriaksoni nilitaka ibaki kwa anayeumwa zaidi yake. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizo mbili katika kundi la antibiotiki za kutumiwa kwa uangalifu kwa kuwa huchochea usugu wa bakteria dhidi ya dawa kwa urahisi zaidi, ilhali nitrofurantoini imo katika kundi la kuanzia. Nilimwandikia ya siku saba, anywe pamoja na chakula, nikamweleza kwamba wiki za mwisho kabla ya kujifungua dawa hiyo haitumiki.

Majibu niliyafuata mwenyewe. Mteknolojia wa maabara alinishikisha kisahani kilichofunikwa na utando wa vimelea, juu yake vikiwa vimepangwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kuzunguka cha nitrofurantoini palikuwa na uwazi mpana, ambako vimelea vilishindwa kuota. Kuzunguka cha siprofloksasini utando ulifika hadi ukingoni, kana kwamba karatasi haikuwa na kitu. Bakteria alikuwa *E. coli*, ambaye ndiye msababishi mkuu wa UTI.

Miezi michache baadaye alikuja dada mwenye maumivu ya mkojo vilevile, lakini alikuwa akitetemeka kwa homa, anatapika, na mgongo haugusiki. Huenda bakteria alikuwa yuleyule, ila alikuwa ameshapanda kwenye figo, na nitrofurantoini ingepita bila kumfikia. Huyo nilimwanzishia seftriaksoni na kumpa rufaa siku hiyohiyo.

Tangu hapo kwanza nauliza ugonjwa umekaa wapi, halafu nani kwa kawaida hukaa hapo. Jipu mara nyingi ni la bakteria *Staphylococcus*, ambaye huivunja amoksilini kwa kimeng'enya chake, ndiyo maana tuna kloksasilini. Ingawa jipu dogo likipasuliwa na kukamuliwa vizuri, mara nyingi halihitaji kidonge chochote. Koo lenye usaha na homa, mtoto akiwa hana kikohozi, hunifanya nimfikirie *Streptococcus* wa kundi A, ambaye penisilini ya zamani bado inamtosha na ambaye akiachwa anaweza kuharibu moyo. Makoo mengi zaidi ni ya virusi na hayahitaji antibiotiki, na hapo ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu kumweleza mzazi kwa nini anaondoka bila dawa huchukua muda kuliko kuiandika.

Yule mama alirudi siku ya tatu, kabla ya tarehe niliyompa, akiwa na chupa mkononi. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. "Daktari, maumivu yameisha, lakini nadhani figo zimekufa," alisema. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba nitrofurantoini hubadilisha rangi ya mkojo na kwamba haina madhara. Mumewe hakusema kitu, alinitazama tu. Siku hizi naandika juu ya bahasha ya dawa, kwa herufi kubwa, chini ya idadi ya vidonge: MKOJO UTAKUWA KAMA CHAI, USIACHE DAWA.