Kupanga Saa za Harusi kwa Kufuata Jua

Kamati ya harusi hukaa wiki baada ya wiki ikijadili michango, ukumbi, vinywaji, mapambo na mshereheshaji, lakini swali la jua litakuwa upande gani wakati wa kupiga picha sijalisikia likiulizwa isipokuwa nimelileta mwenyewe. Ninapiga picha za harusi hapa Dar es Salaam, na ninaamini kwa dhati kwamba ubora wa picha zitakazotundikwa sebuleni huamuliwa na ratiba kuliko kamera.

Maelezo mengi ya mtandaoni kuhusu mwanga mzuri wa jioni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la kiangazi huteremka kwa mshazari na kuchelewa kutua. London mwezi Juni linazama baada ya saa 3 usiku, na weupe wake hubaki angani kwa zaidi ya dakika 40. Sisi tuko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta, na huku jua hushuka karibu wima: mwanga laini wenye rangi ya dhahabu tunaupata kwa kama nusu saa tu, na jua likishazama, giza huingia baada ya dakika 20 na kitu. Mwishoni mwa Mei linazama kama saa 12 na dakika 12 jioni, na mwishoni mwa Januari kama saa 12 na dakika 48. Anayetaka kujua saa ya tarehe yake na atazame kalenda ya nyakati za swala ya mji wake, kwa kuwa wakati wa Magharibi huingia jua linapotua. Nimewaelekeza huko maharusi Waislamu na Wakristo vilevile.

Hesabu na ianzie hapo, irudi nyuma. Kwa harusi ya mwezi Juni, maharusi wanapaswa kuwa wameshafika mahali pa picha ifikapo saa 11 na robo. Kabla ya hapo kuna foleni ya Jumamosi, ambayo msafara wenye matarumbeta huizidisha, na kabla yake kuna pongezi na picha za ukoo mlangoni mwa kanisa, ambazo haziishi chini ya nusu saa. Kwa hiyo ibada inayoanza saa 8 mchana inatosha, ya saa 9 inabana, na ya saa 10 inamaanisha kwamba picha za nje zitapigwa kwa taa. Parokia ikiwa imeshapanga saa yake, msishindane na paroko. Tengeni alfajiri ya siku inayofuata. Fukwe zetu, Coco Beach ikiwemo, zinatazama mashariki, na jua huchomoza kutoka baharini wakati ambapo hakuna umati wala upepo mkali. Wanaotaka jua likizama majini waende upande wa magharibi wa Unguja, kwa mfano Forodhani au Kendwa.

Mchana ndio unaoumiza zaidi. Jua la saa 6 na nusu liko karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Kivuli cha paji la uso hujaa machoni, pua inaangusha kivuli chake mdomoni, na gauni jeupe linawaka mpaka nakshi za lesi zinapotea. Kwa ngozi nyeusi karibu na nguo nyeupe mpiga picha hubanwa pande zote mbili: akipunguza mwanga ili kuliokoa gauni, uso unazama gizani, na akiuongeza ili uso uonekane, gauni linabaki kama karatasi. Dawa yake ni baraza yenye paa, maharusi wakisimama karibu na ukingo huku wametazama nje, na ikiwezekana mbele yao kuwe na ukuta uliopakwa chokaa ili uwarudishie mwanga usoni. Ndiyo sababu vichochoro vya Mji Mkongwe hupendeza hata adhuhuri. Chini ya mwembe mimi huwa mwangalifu, kwa sababu majani hupenyeza madoa ya jua kwenye nyuso na kuitia ngozi ukijani ambao ni vigumu kuuondoa.

Asubuhi ya maandalizi ninaomba jambo moja tu: bibi harusi apambwe karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na taa za chumbani zizimwe. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje, shavu moja hutoka rangi ya chungwa na jingine la buluu, na kazi nzuri ya mpambaji inaharibika bila kosa lake.

Jioni ikifika, wazee wapigwe picha kwanza, kisha wasimamizi na wapambe, na dakika za mwisho wabaki maharusi peke yao. Saa ya kuondoka kanisani apewe matroni. Bibi harusi siku hiyo hana simu mkononi, na bwana harusi anavutwa na kila mjomba, lakini matroni akisema gari liondoke, huondoka.